Aliyesimamisha Aulizwe

Watu wananiambia nipunguze hasira. "Hasira hasara, dada, utapasuka mshipa." Nawajibu kwamba hasara nimeshaiona, na haikuletwa na hasira yangu. Ililetwa na watu wapole, wenye suti, wanaosema "tulizaneni ndugu" kila wanapomkanyaga mtu. Kwa hiyo niacheni nisimulie nikiwa nimefura hivi hivi. Mkisubiri nitulie, hamtaisikia.

Habari yenyewe ni ya wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa. Kazini wanamwita Taratibu. Anaendesha winchi, ile ndefu ya mnara inayosimama katikati ya jengo linalojengwa na kuzungusha mkono wake juu ya paa za watu. Jina alipewa na vibarua wa zege, kwa sababu wengine mzigo wanaubwaga, yeye anaulaza kama mtoto aliyesinzia. Na tabia hiyo anayo hata nyumbani. Mwombe chumvi mezani, utamaliza kula ndipo ifike. Siku kaka alipomleta kwetu mara ya kwanza nilimnong'oneza mama, "Huyu akikimbizwa na nyuki atawauliza kwanza wametoka wapi." Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. Kumbe mwenyewe alisikia. Baadaye sana, sisi tumeshasahau, akasema, "Nyuki hawamfukuzi mtu aliyetulia." Nikampenda siku ile ile, ingawa sikumwambia.

Baba yake alikuwa dereva wa katapila, na yeye alianza kwa kupaka grisi mitambo ya baba yake. Akapanda kutoka hapo, mashine hadi mashine, mtihani hadi mtihani, huku wanaume wakimpigia miluzi na kumuuliza kama ameacha chungu jikoni. Hakuwajibu. Walipochoka kupiga miluzi wakagundua kwamba vibarua wanapenda kufanya kazi chini ya mzigo wake kuliko wa mtu mwingine, basi wakanyamaza nao.

Kitu kimoja kilikuwa kikinitia uchungu. Kule juu hakuna choo. Ngazi ya winchi ni ndefu, na ukishapanda umepanda, huwezi kushuka kila unapobanwa na kusimamisha jengo zima. Wanaume wanapanda na chupa, na mnajua chupa ni ya nini. Wifi yangu anapanda na kiu. Asubuhi hanywi hata funda la chai. Anarudi jioni midomo imepasuka, anakunywa maji kwenye jagi huku amesimama, ndipo anawasalimu watu.

Mimi mwenyewe ni fundi wa mitambo ya jengo. Kuna jengo la maofisi mjini, vioo vitupu, na chini yake, chini hata ya maegesho ya magari, kuna chumba changu: pampu za maji, jenereta, mabomba ya viyoyozi, na kelele. Wakubwa huko juu wakifungua bomba na maji yakatoka wanadhani yameletwa na Mungu. Nimeyaleta mimi. Na chama chetu, mimi na wifi, ni kimoja, cha waendesha mitambo mizito pamoja na mafundi wa mitambo ya majengo. Ila humo ndani tumegawanyika. Wa winchi, greda na katapila wanajiita watu wa juu. Sisi wa pampu na jenereta wanatuita watu wa chini. Ukumbini wao wanakaa mbele, sisi tunakaa nyuma karibu na mlango, na tukitaka kusema tunaambiwa tusubiri mwisho.

Kadi ya chama hicho ndiyo sahani ya chakula. Hakuna mkandarasi anayempandisha mtu kwenye winchi bila kadi. Ukinyang'anywa, hata uwe na mikono ya dhahabu, utaenda kuuza nyanya.

Sasa nielezeni kanuni yao moja, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini nachemka. Samahani, hasira imenipindua ulimi: niwaeleze mimi. Mwendesha winchi anapokea ishara za mtu mmoja tu, mpiga ishara wake aliye chini. Mwingine akipunga mkono, hata awe mwenye kampuni, hasikilizwi. Isipokuwa ishara moja. Mikono miwili ikinyooshwa pembeni, viganja chini, ikapeperushwa, maana yake ni simama, kuna hatari. Hiyo ni ya kila mtu. Akiitoa muuza karanga anayepita njia, winchi inasimama. Na ikishasimama, haiendelei mpaka yule aliyeitoa aulizwe ameona nini. Wenyewe wanasema hivi: aliyesimamisha aulizwe. Wanafundishwa hilo kabla hawajaruhusiwa kugusa mtambo, na wanalirudia hadi wanastaafu.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali. Wifi alikuwa akishusha ndoo ya zege. Si ndoo ya kuogea, ni pipa la chuma ambalo likimwangukia mtu hamna haja ya kumwita daktari. Alikuwa akiishusha kwenye kona ambayo kutoka juu haioni, rundo la mbao limeziba. Mpiga ishara wake anampa: shusha, shusha, polepole. Vibarua wenye makoleo wamesogea pembeni wanangoja itue. Mara akaona kule upande wa vyoo mzee mmoja ametupa fagio lake, amenyoosha mikono miwili, anaipeperusha kama mtu anayezuia ng'ombe barabarani.

Alikuwa msafisha vyoo. Kila mtu pale alimwita Mzee Dawa, kwa dawa ya choo aliyonukia kutwa. Wifi akaondoa mikono kwenye vishikio. Ndoo ikasimama hewani.

Mpiga ishara akatazama huku na huku, hakuona kitu, akampa ishara ya kuendelea. Wifi hakuendelea. Akatokea mhandisi wa kampuni, bosi wa eneo lile lote, anakuja mbio kutoka upande wa ngazi, anafoka, "Hakuna mtu! Hakuna kitu! Shusha!"

Wifi akamjibu kwenye redio, kwa sauti yake ile ya usingizi. "Aliyesimamisha aulizwe."

"Nani? Yule wa vyoo? Una wazimu?"

"Aulizwe, mhandisi. Halafu nitashusha."

Hawakumuuliza. Mhandisi aliamuru mlinzi amtoe, na mzee wa watu akasukumwa hadi nje ya geti kama mwizi wa kuku. Wifi akabaki kule juu, mikono mapajani. Magari ya zege yakapanga foleni. Walimtukana kwenye redio kwa matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watoto, na yeye kila wakimaliza anasema neno lile lile. Zege nalo halina subira. Likaganda ndooni, likaanza kuganda kwenye magari, na nguzo iliyokuwa imefika nusu ikabidi ibomolewe. Kabla jua halijazama wifi yangu hakuwa na kazi.

Jioni hiyo aliniambia jambo moja tu. "Yule mhandisi alikuwa kichwa wazi."

"Wifi! Umefukuzwa kazi, na wewe unawaza kofia?"

"Kila siku anafukuza watu wasiovaa kofia ngumu. Leo yake hakuwa nayo."

Nikadhani jua limempiga. Nikamtengea maji ya kuoga.

Kumfukuza hakukuwatosha. Kampuni ikakitaka chama kimfute kabisa, kimnyang'anye kadi, ili asipande winchi yoyote mahali popote. Tukaenda kwa katibu wetu, mimi na yeye. Katibu huyo zamani alikuwa dereva wa katapila, viganja vyake vilikuwa vigumu kama soli ya kiatu. Siku hizi ukimpa mkono unadhani umeshika mkate. Akatukaribisha viti, akatuita dada zangu, akahuzunika vizuri kabisa.

"Dada zangu, nawaomba mnielewe. Kampuni hii inakaribia kutia saini nasi. Kila jengo lao jipya litachukua watu wetu peke yao. Hebu fikirieni vijana wangapi watapata kazi. Na sharti lao ni dogo tu."

"Dogo ni lipi?" nikamuuliza. "Ni huyu hapa?"

"Heri nusu shari kuliko shari kamili, dada yangu."

"Katibu, huyo unayemwita nusu shari ana mume na mtoto. Na kanuni aliyoifuata mmemfundisha wenyewe!"

"Kanuni inasema hatari. Pale hapakuwa na hatari. Hapakuwa na mtu. Mhandisi amethibitisha." Akamgeukia wifi na sauti ikawa laini zaidi. "Mama, umri unasogea. Labda macho. Labda umechoka. Si dhambi."

Mimi nilitaka kurusha kile kikombe chake cha chai. Wifi alikuwa anatazama mikono yake.

Hapo ndipo walipomuua, mkitaka kujua. Kadi alikuwa hajaipoteza bado, mkutano mkuu ndio ungeamua, lakini walikuwa wamemtia kitu kichwani. Alianza kuniuliza, tukiosha vyombo, "Wifi, na kama kweli hapakuwa na mtu? Kama nimeharibu zege la watu bure?" Halafu siku nyingine anageuza. "Na kama alikuwepo? Kama siku nyingine zote nimekuwa nikipitisha mizigo juu ya watu, ila hakukuwa na wa kunisimamisha?" Alikuwa hali. Sahani anazibwaga, mtu ambaye alikuwa analaza tani za chuma bila kuamsha vumbi. Kaka yangu, Mungu amsaidie, akasema tuache tu, funika kombe mwanaharamu apite. Nikamwambia, "Kaka, hilo kombe mnalofunika ni mkeo." Hatukuongea kwa siku kadhaa.

Nikaamua kumtafuta Mzee Dawa. Kila nikitoka zamu nilizunguka, nikauliza walinzi, nikauliza wauza chai, mpaka nikamkuta nyuma ya kituo cha mafuta anaosha magari. Ana kitambaa begani, anasugua gurudumu kama anamwogesha mjukuu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gari liko wapi?"

"Sina gari. Mimi ni wifi yake yule mama wa winchi."

Akaacha kusugua. Akauliza kama mama yule hajambo. Nikamweleza yote: kazi, kadi, mkutano. Nikamwona uso unamshuka kadiri ninavyosema. Nikamuuliza, "Mzee, siku ile uliona nini?"

"Mwanangu, nilichoona ni aibu ya mtu mzima. Si cha kusimuliwa barabarani."

"Mzee, wanamnyang'anya chakula!"

"Nilikwisha kulisema panapohusika," akasema. "Nikadhani limekwisha. Kumbe! Basi nipeleke kwenye huo mkutano. Nikiulizwa mbele ya wenyewe, nitasema mbele ya wenyewe."

Nilimbembeleza, nikamsihi, nikapandisha sauti mpaka watu wa kituo wakageuka. Hakutoa neno. Watu wenye adabu nao wana ukaidi wao, na unauma vibaya ukiwa na haraka. Nikarudi nyumbani nimevimba kama andazi.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Watu wa juu mbele, sisi nyuma. Katibu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa siku hiyo, na kando yake mezani, na chupa ya maji yake na shati lililopigwa pasi, alikaa yule mhandisi. Mgeni wa heshima! Mtu amekuja kuangalia mwenzetu akichinjwa, na sisi tunampigia makofi ya kumkaribisha. Wifi alikaa safu ya mbele peke yake. Viti vya kulia na kushoto kwake vilikuwa vitupu, watu aliofanya nao kazi maisha yake yote wameona heri wasimame ukutani. Mzee Dawa tulimwacha mlangoni. Vijana wa ulinzi walimzuia kwa sababu si mwanachama.

Katibu akazungumza. Akaeleza mkataba, kazi, vijana, kesho njema. Akasema mwenzetu ameshasikilizwa na kamati.

"Lini?" nikapiga kelele kutoka nyuma. "Kamati imemsikiliza lini? Na aliyesimamisha yuko hapa mlangoni, mbona hamumuulizi?"

"Watu wa chini mtapewa nafasi mwishoni, dada. Tuheshimu kikao."

"Mwishoni nitaongea na nani, na maiti?"

Wakacheka wachache. Katibu akatabasamu kwa upole, wallahi nilitamani kumng'oa lile tabasamu. Akasema, "Tusipoteze muda. Wanaoafiki mwenzetu afutwe, wanyooshe mkono."

Kwanza hakuna aliyenyoosha. Wakatazamana. Kisha mmoja wa mbele akanyoosha, nusunusu, kiwiko kimegoma. Wa pili. Wa tatu. Nikawa nawajua mmoja mmoja. Yule pale ndiye ambaye wifi alimshikia zamu mkewe alipolazwa. Yule ndiye aliyefundishwa na wifi kushusha mzigo kwenye upepo. Akanyoosha na Babu Greda, mzee wao kuliko wote, anayependwa na kila mtu, macho yake yako chini kama anahesabu vigae. Mikono ikawa inaongezeka, na mimi nimesimama juu ya kiti, natukana na hakuna anayesikia. Wifi hakugeuka nyuma kuwaangalia.

Wale vijana wa mlangoni walikuwa wamezubaa wanaangalia kura. Mzee Dawa akawapita. Akatembea katikati ya ukumbi, polepole, akiwa na kitambaa chake begani, mpaka mbele ya meza kuu. Akageuka akawatazama watu. Akanyoosha mikono yake miwili pembeni, viganja chini, akaipeperusha.

Mikono ikashuka. Wallahi nawaambia ikashuka. Hakuna aliyeiamuru. Hawakuangalia kwanza katibu anasemaje. Watu waliofanya kazi hiyo maisha yao yote waliona ishara ile, na mikono yao ikaachia, ikarudi mapajani, kama inavyoachia vishikio.

"Endeleeni!" katibu akasema. "Huyu si mwanachama. Nyoosheni mikono!"

Hakuna aliyenyoosha.

Babu Greda akainuka. Sauti yake ilikuwa mbovu. "Katibu, wewe umeendesha katapila. Unajua. Simama ni simama." Akamgeukia yule mzee. "Mwenzangu, utusamehe. Uliona nini?"

Mzee Dawa akashusha mikono. "Niliona mtu nyuma ya zile mbao. Amesimama anajisaidia. Na ile ndoo inamshukia kichwani."

Ukumbi ukavuma. "Mtu gani?"

"Sikupenda kumwaibisha."

"Mzee, tunakuomba. Mtu gani?"

Akaelekeza kwa kidevu, kwa heshima kabisa, kwenye meza kuu. "Mgeni wenu."

Mhandisi akaruka. "Mwongo huyu! Ametumwa!"

"Vyoo vyangu mnavijua," Mzee Dawa akaendelea, na sasa sauti ikapanda kidogo, nikajua hapo ndipo palipomuuma. "Ni visafi. Unaweza kukaa ukanywa chai. Huyu bwana hakuwahi kuingia hata siku moja, anasema ni vya vibarua. Kazi yake nyuma ya mbao. Na kila siku mimi nafuata kumwaga dawa pale, maana watu wa koleo wanakanyaga. Siku hiyo nilikuwa naenda kumwaga dawa, nikaona."

"Shahidi wako nani?" mhandisi akafoka.

"Ndoo iliposimama uligutuka, ukakimbilia kwenye ngazi, kofia ikakudondoka. Nyeupe, ina jina lako ndani. Niliiokota nikurudishie. Mlinzi akanitoa nayo nje. Nikakaa pale getini. Alipokuja katibu wa chama jioni ile, nikamweleza kila kitu, nikampa kofia mkononi. Akaniambia niende nyumbani ninyamaze, chama kitashughulikia."

Hapo kila kichwa kiligeuka kwa katibu. Na mimi nikakumbuka: kichwa wazi. Wifi yangu alikuwa ameniambia tangu siku ya kwanza, na mimi nikamtengea maji ya kuoga.

"Ndugu zangu," katibu akaanza.

"Kofia iko wapi?" Babu Greda akauliza.

"Tulizaneni. Niliangalia mbali. Kama ningeitoa hadharani, kampuni ingekasirika, mkataba ungekufa. Nilimrudishia mwenyewe, tukaelewana kama watu wazima. Nilifanya kwa faida yenu."

Sijui nilifikaje mbele. Kaka anasema nilipita juu ya viti. "Ulijua!" nikamwambia. "Tulikaa mbele yako tukanywa chai yako, ukamwambia macho yamechoka, na ulijua! Mwanamke huyu hali, halali, anajiuliza kama ameua watu, na wewe jibu lake ulikuwa nalo kabatini! Ukaliuza! Kikulacho ki nguoni mwako, mimi nilidhani ni maneno ya wazee tu!" Na mengine nilisema, ambayo mama yangu asingeyapenda. Huyo mhandisi nilimwambia kwamba mwanamke mmoja anashinda na kiu kutwa nzima kwa sababu hana choo, na yeye ana choo kisafi hatua chache tu, akaona ni heri afie mikojoni. Watu walicheka. Mimi sikuwa nachekesha.

Wakanyamaza pale wifi aliposimama. Alisimama kama anavyofanya kila kitu, kidogo kidogo. Hakumtazama katibu. Alimtazama Mzee Dawa.

"Kwa hiyo palikuwa na mtu," akasema.

"Palikuwa na mtu, mwanangu. Na ulimsimamishia mzigo."

Wifi akafunika uso kwa viganja. Nilimshika, na wale waliokuwa wamesimama ukutani wakaanza kuja mmoja mmoja, wanakaa kwenye vile viti vilivyokuwa vitupu. Niliwaangalia kwa jicho baya na sijawaondolea mpaka leo.

Kura haikupigwa tena. Kadi alibaki nayo. Katibu alikiacha kile kiti kabla mwezi haujaisha, anauza vipuri sasa, na anaendelea vizuri, maana watu wa aina yake hawazami. Kampuni nayo ilimrudisha wifi kazini, si kwa sababu ya huruma. Waendesha winchi wote wa eneo lile walipanda asubuhi iliyofuata, wakakaa na mikono mapajani. Walipoulizwa kwenye redio, walijibu neno lile lile alilokuwa akilijibu yeye, mpaka yeye na Mzee Dawa wakapitishwa getini. Mkataba ulitiwa saini hata hivyo. Kumbe kampuni ilikuwa inawahitaji watu wetu siku zote.

Mzee Dawa ana kadi ya chama. Watu wa juu walisema vyoo si mtambo. Sisi wa chini tukasema choo kina bomba, bomba lina maji, na maji ni yetu, tukamwandika upande wetu. Tunakaa naye safu ya mbele sasa, na asiyependa ahamie nyuma.

Na mhandisi? Yupo. Yupo pale pale, hai, anatembea kwa miguu yake miwili, amepandishwa cheo. Hajamwambia wifi yangu ahsante hata kwa bahati mbaya. Akipishana naye getini anaangalia simu. Nilimuuliza wifi juzi, anakunywa maji yake ya jioni, anafanyaje akimwona anapita chini ya mkono wa winchi.

"Nasimamisha mzigo," akasema. "Nangoja apite. Halafu naendelea."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Nimefikiri sana kuhusu hilo, nikiwa kule chini na pampu zangu. Mungu anajua alichokifanya aliponipa mimi pampu, na winchi akampa wifi yangu.